Kumi ya Nini?

Habari za asubuhi. Kaeni, kaeni. Leo hakuna projekta. Nimekuja na bomba za sindano tu, na vichupa vitupu vya wodini.

Pitisheni hili dogo, la insulini. Someni: 10, 20, 30, mpaka 100. Mia ya nini? Nasikia mtu anasema yuniti. Sawa, lakini ni yuniti za insulini, tena ile ya yuniti 100 kwa mililita. Ukivuta maji matupu mpaka mstari wa 10, huna yuniti 10 za kitu chochote. Una mililita 0.1. Aliyetengeneza bomba hili alifanya hesabu ya dawa moja, basi.

Sasa mtaani watu wananunua mtandaoni vichupa vya unga wa peptidi, wa kupunguza mwili, halafu wanaambiana, "Mimi nachoma kumi." Chukua kichupa cha miligramu 5. Asha ametia maji mililita 1, shoga yake katia 2. Wote wamevuta mpaka 10. Asha amejichoma miligramu 0.5, mwenzake 0.25. Mstari uleule, dozi maradufu. Na hapo tumeiamini lebo, wakati hakuna anayejua kilichomo ndani.

Msiwacheke. Twendeni wodi ya watoto.

Artesunati ya malaria kali, kichupa cha miligramu 60. Nasema ile ya kuyeyusha kwanza kwa sodiamu baikaboneti mililita 1. Ipo nyingine ya kiyeyusho kimoja, hiyo fuata maelezo yake. Unatikisa mpaka maji yawe maangavu. Kama ni ya mshipa, unaongeza maji ya chumvi mililita 5, jumla 6: kila mililita ina miligramu 10. Kama ni ya msuli unaongeza 2, jumla 3: kila mililita ina 20. Mtoto wa kilo 10, kwa kuwa hajafika kilo 20, anapewa miligramu 3 kwa kilo, yaani 30. Kwa mshipa ni mililita 3. Kwa msuli hesabu inatoa 1.5, na jedwali la ukutani linapandisha mpaka 2. Fuateni jedwali.

Usiku mmoja nilipokea zamu nikakuta kwenye trei bomba lina mililita 3, halina lebo, na mwenzangu keshapanda daladala. Hiyo ni miligramu 30 au 60? Nililishika kwenye mwanga, kana kwamba mwanga ungeniambia. Nikamwaga, nikafungua kichupa kipya. Mama wa mtoto alinitazama kama nimemwaga uji wa mwanawe, na sikumlaumu.

Hii si dawa ya kuchezea. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo: waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, wa artesunati 8.5.

Kitu kingine, unga nao una mwili wake. Mnajua chai: jaza glasi mpaka ukingoni, kisha tia vijiko vinne vya sukari, utafuta meza. Seftriaksoni, antibiotiki ya unga, gramu 1 ukiitilia maji mililita 3.6 hupati 3.6, unapata kama 4, ndiyo maana inatoka miligramu 250 kwa mililita. Mtoto anayetakiwa miligramu 500 avutiwe 2. Ukigawa kwa ulichomimina, utamvutia 1.8, na dawa nyingine itabaki kichupani. Kiasi cha kutia kimeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, ile mnayoitupa kabla hamjavaa glovu.

Haya. Mtoto wa kilo 14, artesunati, mshipa. Nani anakuja ubaoni? Na kabla hujaandika mililita, andika kwanza kila mililita ina miligramu ngapi.