Baada ya Sahani Kuondolewa: Jioni ya Sikukuu Katika Familia

Mhadhara uliotolewa kwa wazazi na walezi mjini Jinja, wiki moja kabla ya Krismasi

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliokubali kuketi nasi alasiri hii, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie michezo na shughuli ambazo familia inaweza kuzifanya pamoja baada ya chakula cha sikukuu. Huenda baadhi yenu mmeliona jambo hili kuwa dogo. Mimi silioni hivyo. Tunatumia wiki nzima kuandaa chakula hicho: tunasafiri kwenda kijijini kwa nauli iliyopanda, tunanunua kuku na mchele, akina mama wanaamka alfajiri kumenya matoke na kuyafunga katika majani ya mgomba, kisha chakula chenyewe kinaliwa kwa muda usiofika saa moja. Saa tatu au nne zinazofuata, ambazo ndizo pekee katika mwaka mzima tunapokuwa sote mahali pamoja, hakuna aliyezipangia kitu.

Katika nyumba nyingi nimeona hali ileile. Baba anaaga kwamba anatoka kidogo kuwasalimu rafiki zake, na harudi mpaka watoto wamelala. Vijana wanajipanga karibu na soketi, kila mmoja na simu yake. Bibi, ambaye watu wote wamesafiri kwa ajili yake, amebaki mkekani peke yake, na mabinti wako nyuma ya nyumba wanasugua masufuria yaliyogandamana ukoko. Sijaja hapa kumlaumu mtu, kwa sababu watu walioshiba wasipopewa la kufanya hujitafutia wenyewe. Nimekuja kueleza tunachoweza kuwapa, na kipimo changu ni kimoja: shughuli nzuri ya jioni ile ni ile ambayo mzee na mtoto wanahitajiana ndani yake, asiwepo wa kutazama tu.

Ndiyo maana naanza na vyombo. Hakuna mchezo wa familia ikiwa nusu ya familia iko karaini. Nyumbani kwetu tumeweka desturi kwamba waliopika hawaoshi. Wavulana wanachota maji, wanaume wanasugua masufuria, watoto wanakausha sahani na kuzipanga, na waliopika wanaketi kivulini karibu nasi. Watu kumi na watano wakishika kazi, vyombo havimalizi nusu saa. Na hapohapo, mikono ikiwa na kazi na midomo haina, ndipo vitendawili vinapoanza.

Nawaomba mnivumilie kidogo juu ya vitendawili, kwa maana nimevifundisha darasani kwa miaka mingi na ninavipenda. Faida yake ya kwanza ni kwamba havihitaji kitu chochote, wala umeme. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi kwetu sisi wa miji kama huu, ni ya lugha. Fikirini familia za mtaa wa Walukuba hapa Jinja: baba Msoga, mama Mjaluo, mke wa mwana wa kwanza Mgisu, mume wa binti Mnubi wa Bombo, na wajukuu wanaosoma shule ambazo kutwa nzima ni Kiingereza. Bibi na mjukuu wanapendana lakini hawana maneno ya kutosha ya kuzungumza. Kiswahili kinawafaa hapo, kwa sababu si lugha ya ukoo wa mtu yeyote kati yao, na hakuna atakayeona kwamba ameshindwa nyumbani kwake. Bibi husema, "Kitendawili!" na watoto huitika, "Tega!" Anatega: "Nyumba yangu haina mlango." Yai, atasema mtoto yeyote. Basi anaongeza ugumu: "Kuku wangu ametagia miibani." Hapo wanakaa kimya, wanabahatisha, mwisho wanasalimu amri, naye anadai haki yake: "Nipeni mji." Ninawasihi msiufupishe mchezo katika hatua hii ya mji. Watoto wanampa Mbale. Anaukataa, akisema kwamba alikwishapewa mwaka jana. Wanampa Mombasa, anaikubali, anaeleza alivyofika, alichokula na aliyekutana naye, kisha ndipo anapotaja jibu, nanasi. Hayo maelezo ya safari ya mji ndiyo yanayomfanya mtoto wa miaka sita asahau kabisa kuwa anakausha sahani.

Kisha mwacheni kila mtu atege kwa lugha yake. Mganda ataanza na "Koyi koyi," ataitikiwa "Lya," na mwenye kujua atawafasiria wengine. Kufasiri kitendawili bila kufichua jibu ni kazi ngumu, na nimeona kijana wa sekondari, aliyekuwa amekataa kuondoka kwenye simu yake, akivutwa na kazi hiyohiyo mpaka akawa ndiye mkalimani wa jioni nzima.

Vyombo vikiisha, jua huwa halijazama. Hapa kwetu huzama kabla ya saa moja jioni mwezi wa Desemba, na mwanga uliobaki usipotee bure. Kutembea au kucheza kidogo baada ya kula husaidia mwili kutumia sukari inayoingia katika damu, na wenye kisukari miongoni mwetu wanalijua hilo kutoka kwa madaktari wao. Nawapendekezea kwepena, mchezo ambao kila binti aliyekulia Uganda ameucheza: wawili wanasimama pande mbili wakirusha mpira, aliye katikati anaukwepa. Lakini mpira usinunuliwe. Siku ile mmemenya matoke, na migomba iko nyuma ya nyumba yenye magome makavu yanayoning'inia. Mzee na akae na watoto wawili watatu, awaonyeshe namna ya kukunja gome laini liwe kitovu, kulizungushia jingine kwa kulikaza kila mzunguko, na kusokota nyuzi nyembamba za kufunga wavu wa nje. Ukilegeza katikati, mpira utapasuka kwa pigo la tatu. Ukikaza, utafika mwaka mpya. Babu asiyeweza tena kukimbia anakuwa fundi ambaye mchezo hauanzi bila yeye.

Giza likiingia, leteni ubao wa mweso, mchezo wetu wa kete na mashimo. Najua ludo ipo karibu kila kituo cha biashara, na mchezo wa karata uitwao matatu vijana wanaujua kuliko mimi. Zote ni nzuri na zichezwe, hasa matatu, ambayo mtoto huifahamu kwa dakika kumi. Lakini mweso ninauweka mahali pake. Una mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo Waganda huziita empiki. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Huanza kwa kuweka kete nne nne katika mashimo manane ya safu iliyo karibu naye, ili ihakikishwe kwamba hesabu imetimia, kisha hujipanga atakavyo. Kwa zamu yako unachota kete za shimo moja na kuzipanda, yaani kuziangusha moja moja katika mashimo yako yanayofuata, kinyume cha mwendo wa saa. Ya mwisho ikianguka katika shimo lenye kete, unazichota zote na kuendelea. Ikianguka katika shimo tupu, zamu yako imekwisha. Lakini ukimalizia katika shimo la safu yako ya ndani lenye kete, na mashimo mawili ya mpinzani yanayolikabili yote yakawa na kete, unazitwaa hizo za mpinzani na kuzipanda upande wako, kuanzia pale mwendo ule ulipoanzia. Anayekosa shimo lenye kete mbili au zaidi la kuchezea ameshindwa. Ndugu zetu wa pwani wana bao lenye mashimo 32 na kete 64 vilevile, ingawa sheria zake ni nyingine, hivyo mgeni kutoka Mombasa au Unguja hatakosa la kuuliza.

Msiokuwa na ubao, chukueni trei mbili za mayai. Trei moja ina safu tano za mashimo sita. Kateni katika kila moja kipande cha nne kwa nne, viunganisheni, mmepata ubao kamili, na maharage yatakuwa kete. Kisha mketisheni babu na mjukuu upande mmoja, na bibi na mjukuu mwingine upande wa pili. Mzee anajua mahali pa kuanzia. Mtoto ana macho ya kuhesabu haraka mahali kete ya mwisho itakapoangukia. Mwaka uliopita nilimtazama mjukuu wangu akimshika babu yake mkono kabla hajachota, akamnong'oneza, "Babu, hiyo itaishia tupu." Mzee akahesabu upya kwa kidole, shimo baada ya shimo, akakuta ni kweli. Hakusema neno. Alihamisha mkono wake akachota shimo ambalo mtoto alikuwa akilitazama.

Nije kwenye jambo la mwisho, ambalo linanigusa zaidi. Jioni ya sikukuu ni wakati wa kujua ukoo. Waganda wana desturi ya okulanya, ambapo mtu hujitambulisha kwa kutaja jina lake, baba yake, babu yake, na ukoo wake pamoja na mwiko wake. Makabila mengine yana njia zao. Miaka kadhaa iliyopita niliamua kuwafanyia watoto wetu jambo hili baada ya chakula, nami nilikosea. Niliwasimamisha mmoja mmoja mbele ya watu, kama darasani. Mtoto mmoja wa dada yangu, aliyelelewa mjini na mama pekee, hakuweza kumtaja babu yake. Baadhi ya watu wazima walicheka. Mtoto yule aliketi, akainama, na Krismasi iliyofuata alimwomba mama yake wasije. Nilikwenda kwake kumwomba radhi, na tangu siku hiyo siwaulizi watoto chochote hadharani.

Sasa tunafanya kinyume. Wanaoulizwa ni wazee, na watoto ndio wenye kuuliza. Kila mtoto anaandaa swali moja mapema: ulikuwa ukicheza nini ulipokuwa na umri wangu, nani alikupa jina lako, mlikula nini sikukuu ya mwaka ambao hamkuwa na kitu. Kijana mmoja anaiweka simu yake mezani ikiwa inarekodi, na kazi hiyo apewe yule asiyependa kuongea. Mwingine anachora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, na jina lisilojulikana linaachiwa nafasi, bila mtu kuaibishwa kwa nafasi hiyo. Mama yangu mzazi alitutajia kwa njia hiyo majina ya ndugu zake watatu waliofariki wakiwa wadogo, ambao mimi, mwanawe wa kwanza, sikuwahi kuwasikia. Alifariki miezi minne baadaye. Sauti yake tunayo, na karatasi ile ina majina hayo kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la tano.

Ndugu zetu Waislamu watayafanya haya siku ya Idi, na kwao pengine itakuwa rahisi zaidi, kwa kuwa wageni huja na kuondoka kutwa nzima na mlango uko wazi. Anzeni na shughuli moja tu mwaka huu, ile ambayo mzee wenu anaiweza vizuri kuliko ninyi.

Nimekuja na ubao wangu, uko juu ya meza ile ya nyuma. Una kete zote 64, nimezihesabu asubuhi. Tuna muda mpaka saa kumi na mbili, na ningependa wa kwanza kuja awe mzazi aliyefuatana na mtoto wake.