Nyongeza za Hiari katika Bima ya Gharama za Maziko

Mhadhara uliotolewa mjini Kigoma mbele ya wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wote mliofika, assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie bima ya maisha inayokatwa mahususi kwa gharama za mwisho, yaani sanda au jeneza, kaburi, usafiri wa msiba, chakula cha waombolezaji na madeni madogo anayoyaacha marehemu. Ndani ya bima hiyo nitajikita katika nyongeza za hiari, yaani mafao ya ziada yanayoambatanishwa na bima ya msingi, ambazo wakala huzitaja mwishoni, mteja akiwa ameshashika kalamu. Jambo hili linanigusa. Mjomba wangu, aliyekuwa mtumishi wa reli, alilipia nyongeza ya ajali kwa miaka mingi, akafariki kwa shinikizo la damu, na watoto wake waliamini hadi siku ya malipo kwamba watapewa mara mbili. Hawakudanganywa na mtu, ila hakuna aliyewahi kuketi nao akawasomea masharti.

Bima ya aina hii imeenea sana nchini Marekani, ambako huuzwa hasa kwa watu wenye umri wa miaka 50 hadi 85, kwa kiasi ambacho mara nyingi huwa kati ya dola 5,000 na 25,000, bila mteja kupimwa na daktari. Chama cha wenye nyumba za mazishi cha huko kilieleza kwamba mwaka 2023 gharama ya kati ya mazishi yenye kuaga mwili na kuzika ilikuwa dola 8,300, kwa hiyo mkataba wenyewe ni mdogo na hauna nafasi kubwa ya kupunguzwa. Kwetu bima ya maziko hukatwa zaidi kwa familia au kwa kikundi, na mara nyingi ni ya mwaka mmoja mmoja. Hata hivyo nyongeza zinafanya kazi kwa namna ileile, na swali la kuuliza ni lilelile: fedha za nyongeza hii ni fedha mpya, au ni zile zile za maziko zinazotolewa mapema?

Nianze na nyongeza ambayo swali hilo linaihusu zaidi, nayo ni ya malipo ya mapema kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati UKIMWI ulipokuwa bado hauna dawa madhubuti, Ron Barbaro, aliyekuwa kiongozi wa kampuni ya Prudential nchini Kanada, alikutana na wagonjwa mjini Toronto waliokuwa na bima za maisha ilhali hawakuwa na fedha za kuishi siku zilizobaki kwa heshima. Kampuni yake ikaanza kuwalipa sehemu ya bima wakiwa hai. Utaratibu huo ulienea, na sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 1996 ikaondoa kodi kwenye malipo hayo iwapo daktari atathibitisha kwamba mgonjwa anatarajiwa kufariki ndani ya miezi 24, ingawa mikataba mingi hudai miezi 12.

Ni nyongeza yenye huruma ndani yake, na mara nyingi haitozwi ada mpaka itumike. Lakini tuiangalie kwa hesabu ya hapa kwetu. Tuchukue mzee wa Katonga mwenye bima ya shilingi 5,000,000, ambaye mkataba wake unaruhusu nusu kulipwa mapema. Akiugua akachukua 2,500,000 kwa matibabu, mnufaika wake atabaki na 2,500,000 nyingine, pengine pungufu ya hapo baada ya makato ya kampuni. Fedha hizo ni zile zile za maziko, zimetangulia tu. Silaumu anayezichukua, kwa sababu mgonjwa ana haki ya kutibiwa kuliko kaburi kujengewa. Ninachoomba ni kwamba uamuzi huo ufanywe na familia ikiwa imeketi pamoja, ili siku ya msiba asitokee mtoto akamtuhumu mwenzake kwamba amekula fedha za baba.

Nyongeza ya magonjwa makubwa, kama saratani, kiharusi na mshtuko wa moyo, ni ndugu wa hiyo. Asili yake ni hapa hapa Afrika, kwani ilianzishwa Afrika Kusini mwaka 1983 kwa juhudi za daktari Marius Barnard, aliyeona wagonjwa wake wakipona upasuaji lakini wakifilisika. Hapa someni orodha ya magonjwa neno kwa neno, kisha mwulize kama malipo yake yanapunguza bima ya msingi au yanasimama peke yake.

Nyongeza ya kifo cha ajali, kinyume chake, huleta fedha mpya, mara nyingi sawa na kiasi cha msingi. Ada yake ni ndogo, na sababu ya udogo huo ni kwamba wazee wengi hufariki kwa maradhi. Mikataba mingi huifunga mtu akifikia umri fulani, kwa mfano miaka 70, hata kama bima ya msingi inaendelea. Kwa mzee anayeshinda barazani Ujiji, sioni sababu ya kuilipia. Kwa kijana anayetoka Kibirizi usiku wa giza kuvua dagaa kwa taa, ni habari nyingine kabisa, ila aulize kwanza kama uvuvi umo katika kazi za hatari ambazo kampuni imezitenga.

Ipo nyongeza ya kusamehewa ada, na hapa nakuta watu wengi wamekosea. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa katika Ziwa Tanganyika, na kipato cha nyumba nyingi za mkoa huu kikasimama. Nyongeza hii haifunguki kwa hali kama hiyo, kwani hufunguka mwenye bima anapopata ulemavu unaomzuia kufanya kazi, na kwa kawaida huisha kwenye miaka 60 au 65. Muda wa ziada unaotolewa kwa aliyechelewa kulipa ada huwa takriban mwezi mmoja, wakati ziwa lilifungwa miezi mitatu. Kwa mvuvi, kuweka akiba ya ada ya miezi hiyo katika kikundi chenu kunamfaa kuliko nyongeza hiyo.

Nyongeza ya watoto na wajukuu ni nyepesi: kiasi kidogo kwa kila mtoto, na wakati mwingine haki ya kuigeuza kuwa bima yake akikua. Hakikisheni tu kwamba mjukuu mnayemlea anatambuliwa na mkataba, kwa sababu baadhi ya mikataba huhesabu watoto wa kuzaa peke yao.

Nyongeza yoyote mtakayoichukua, iandikwe katika hati na ada yake ionekane peke yake. Dai likikataliwa na kampuni ikashikilia msimamo wake, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na juu ya soko lote ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Kabla ya kukaa, nijibu swali nililoulizwa mlangoni na mama mmoja, kuhusu aliyezama ziwani na mwili usipatikane. Nyongeza ya ajali, kama bima yenyewe, hudai cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na pasipo mwili jambo hilo huweza kuchukua miaka na kuhitaji mahakama itamke kwamba mtu huyo amefariki. Kwa hiyo, mama, toa taarifa polisi na kwa uongozi wa mwalo siku hiyo hiyo, waandikwe mashahidi waliokuwa naye kwenye mtumbwi, nawe uendelee kulipa ada wakati unasubiri, kwa sababu mkataba ukikatika katikati kampuni inaweza kubisha kwamba kifo kilitokea baada ya bima kwisha.