Kufunga honi mbili zenye sauti kubwa kwenye pikipiki kwa kutumia rilei

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo tunaiondoa honi moja iliyokuja na pikipiki hii, ambayo ni Boxer 150 ya mteja wangu anayebeba abiria kati ya Kimara na Ubungo, na mahali pake tunafunga honi mbili za konokono, yaani zenye umbo la konokono. Kila hatua nitakayokuonyesha inakizunguka kifaa hiki kidogo cheusi kilicho kiganjani mwangu, yaani rilei, swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, kwa sababu honi kubwa iliyofungwa bila rilei ni ngoma iliyowambwa ngozi ambayo haijakauka: umbo lipo, mlio haupo.

Kabla sijashika spana, naomba tupime kwanza, na wewe ukiwa na multimita fanya hivyo hivyo kabla hujatumia fedha zako. Hapa kwenye betri nasoma volti 12.5. Sasa naweka ncha za mita kwenye plagi ya honi ya zamani, nafungua swichi, nabonyeza honi, na wakati inalia mita inasoma volti 10.8. Kijana wa kamera, sogea karibu ili watazamaji waione namba, mwanga wa nje unaifuta. Vizuri. Hiyo volti moja na ushee imepotelea njiani, kwani umeme wa honi unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi ya funguo, unapanda kwenye kibonyezo cha usukani, unavuka plagi kadhaa ambazo zimeshaota kutu, na safari yote hiyo unasafiri ndani ya waya mwembamba. Ukifunga honi kubwa kwenye njia hiyo hiyo, itavuta umeme mwingi zaidi, upotevu utaongezeka, na kibonyezo kitaanza kuungua taratibu kwa ndani. Watu wengi huilaumu honi wakati mwenye hatia ni waya.

Ingawa mimi ni muuzaji wa honi, nitasema jambo linaloweza kunikosesha mauzo: ikiwa honi yako ya asili ilikuwa inalia vizuri na sasa inakwaruza, safisha kwanza tamino zake, yaani vichwa vya kuunganishia waya, kwa msasa mwembamba, kisha uijaribu tena. Pengine hutakuwa na haja ya kuendelea na video hii.

Kwa wanaoendelea, vifaa ni honi mbili za volti 12, rilei moja ya volti 12 yenye uwezo wa kuhimili ampea 30 au 40, kishikio cha fyuzi pamoja na fyuzi ya ampea 15, tamino, tepu ya umeme, tai za plastiki na waya. Kwenye honi, tazama mgongoni: moja imeandikwa H na nyingine L, maana yake moja ni ya sauti ya juu na nyingine ni ya sauti ya chini. Zikilia pamoja, sikio hupokea mlio mnene unaofanana na wa gari, na dereva wa lori aliyefunga vioo hugeuka kuitafuta gari kwenye kioo chake cha pembeni. Ukifunga H mbili utapata kelele nyembamba inayochoma masikio yako kuliko ya unayemwonya. Hizi nilizonazo zinavuta takriban ampea 4 kila moja, hivyo jumla ni 8, na fyuzi ya 15 inaacha nafasi ya kutosha kwa ule mshtuko wa mwanzo.

Kuhusu waya, tumia waya wa milimita za mraba 2.5 wenye nyuzi nyingi ndani, ule wa magari. Usichukue kipande cha waya kilichobaki nyumbani baada ya fundi kufunga soketi, hata kama nacho kimeandikwa 2.5, kwa sababu waya mwingi wa nyumba ni shaba moja nzima, na shaba nzima ikitikiswa na injini kila siku hukatika ndani ya ganda lake, ukabaki unatafuta tatizo ambalo macho hayalioni.

Kuna honi za upepo zenye kompresa, na najua wapo watakaoniuliza. Hizo zinaweza kuvuta ampea 15 hadi 20, wakati betri ya pikipiki hii imeandikwa Ah 5, yaani akiba yake ni kama ampea 5 kwa saa moja tu. Mimi siwafungii wateja wa pikipiki ndogo, wala simlazimishi mtu kukubaliana nami.

Tunaanza. Fungua kava la ubavuni, toa waya wa hasi wa betri kwanza, ndipo mengine yafuate. Hasi inatangulia kwa sababu spana ikigusa fremu wakati unalegeza hasi hakuna kinachotokea, lakini ikigusa fremu wakati unalegeza chanya utaona cheche za bure. Honi ya zamani inashikiliwa na bolti moja. Itoe, chomoa plagi yake, iweke kando. Usiitupe, kwa sababu siku ukiiuza pikipiki utaweza kuirudisha na kubaki na hizi.

Sasa mahali pa kuzifunga. Kila honi imekuja na bati lake jembamba mgongoni, na bati hilo si pambo. Honi hulia kwa kutikisika, na bati linairuhusu itikisike huru bila kuigusa fremu. Mtu akiliondoa na kuibana honi moja kwa moja kwenye chuma, sauti inakufa, kisha anarudi dukani akisema nimemuuzia honi mbovu. Acha nafasi ya kupitisha kidole kati ya honi na kitu chochote kilicho jirani. Midomo ya konokono ielekee mbele na kuinama chini, isielekee juu hata kidogo, kwa sababu mvua ya masika ikijaza ndani, honi itatoa sauti ya mtu anayesukutua. Mimi napenda kuiweka moja kushoto na nyingine kulia, chini ya taa ya mbele, juu ya kipande cha bati nene nililolitoboa matundu mawili. Nakaza nati za pande zote mbili, haraka haraka, hapa hamna siri.

Siri iko kwenye rilei, kwa hiyo tutulie. Nageuza chini yake juu ili uzione namba: 30, 85, 86 na 87. Namba hizi hazitofautiani sana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, kwa hiyo jifunze mara moja na zitakufaa hata kwenye gari. Namba 30 inapokea umeme mkubwa kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi. Namba 87 inaupeleka umeme huo kwenye chanya za honi zote mbili. Namba 85 na 86 ni za koili, ambayo ikipata umeme mdogo huvuta ulimi wa ndani na kuiunganisha 30 na 87. Koili hii hutumia sehemu ndogo tu ya ampea moja, na ndiyo sababu kibonyezo chako cha usukani kinapona: hakibebi tena mzigo wa honi, kinabeba amri tu.

Kwenye 85 na 86 ndipo tunapoingiza zile waya mbili zilizokuwa kwenye honi ya zamani. Mafundi wengi hupoteza nusu saa wakitafuta kama kibonyezo cha pikipiki fulani kinakata chanya au kinakata ethi, yaani njia ya kurudi hasi ya betri, kwa sababu zipo pikipiki za aina zote mbili. Ukizitumia waya zote mbili za plagi ya asili, swali hilo halina haja ya jibu, kwani koili itapata umeme kila wakati ambao honi ya zamani ingepata umeme, na faida nyingine ni kwamba honi haitalia funguo ikiwa imefungwa, hivyo watoto wa kijiweni hawatakumalizia betri. Tahadhari iko moja: ikiwa mchoro ulio ubavuni mwa rilei unaonyesha alama ya dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, basi waya wa chanya uingie 86 na wa hasi uingie 85, na usigeuze.

Ikiwa rilei yako ina miguu mitano badala ya minne, mguu wa katikati umeandikwa 87a. Usiuguse. Mguu huo umeunganishwa na 30 wakati hujabonyeza chochote, na unaachana nayo unapobonyeza, kwa hiyo ukiupelekea honi, zitalia mfululizo tangu unapochomeka fyuzi na zitanyamaza pale tu unapobonyeza. Soma namba tena kabla ya kuingiza tamino. Herufi ile a ni ndogo sana, na kwenye mwanga hafifu hupotea kabisa, kwa hiyo tumia tochi ya simu. Mimi nauzungushia mguu huo tepu kabla sijaanza kazi, kila mara, na nakusihi ufanye vivyo hivyo.

Ethi ya honi naipeleka hadi hasi ya betri kwa waya wake mwenyewe. Ungeweza kuifunga kwenye fremu na ingefanya kazi, lakini rangi na kutu vikikaa katikati utarudi kulekule kwenye upotevu wa volti tuliouona mwanzoni. Kishikio cha fyuzi kiwe karibu na betri, kisizidi urefu wa shibiri moja kutoka kwenye chanya, kwa kuwa fyuzi hulinda waya uliopo mbele yake tu. Fyuzi yenyewe usiichomeke bado. Narudia, kishikio kikae wazi, fyuzi ibaki mfukoni.

Waya zinapita chini ya tenki, zinafuata fremu hadi mbele, halafu zinafika hapa shingoni, mahali usukani unapozunguka. Kamera, baki hapa. Ziache zilegee. Usizivute zikawa zimenyooka kwa kutaka kazi ionekane safi, kwani usukani ukikata kona moja waya hukaza, ukirudi upande wa pili hubanwa kati ya kizuizi cha usukani na fremu, na baada ya muda ganda linachanika na fyuzi inaungua ukiwa barabarani. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, tazama. Geuza hadi mwisho kulia, tazama. Ndipo ufunge tai za plastiki, na ukishazifunga geuza tena pande zote mbili, kwa sababu tai yenyewe ndiyo huiba ule ulegevu uliouacha.

Sasa nabonyeza shokapu za mbele kama pikipiki inavyoinama inapokanyagwa breki... Subiri. Mmesikia? Rudisha kamera chini. Madigadi imepanda na kuugonga mdomo wa honi ya kulia. Sitaikata sehemu hii, kwa kuwa ukisimama bila kubonyeza shokapu huwezi kuligundua, na shimo la kwanza la barabarani lingeivunja plastiki ya konokono. Nalegeza nati, nalipandisha bati hadi tundu la juu, naigeuza honi kidogo kuelekea nje. Nabonyeza tena kwa uzito wangu wote, na uzito huo si haba. Hakuna kinachogusa. Nageuza usukani kulia nikiwa nimebonyeza. Sawa. Tuendelee, ila kwa kuwa tumehamisha honi, waya nazo zimesogea, kwa hiyo shingo tunaikagua upya.

Rudisha hasi ya betri, na sasa ndiyo zamu ya fyuzi. Ukisikia honi zimelia peke yake hapa, chomoa haraka urudi kwenye 87a. Zimenyamaza, nzuri. Funguo, kibonyezo... Samahani kwa waliovaa spika za masikioni. Mpiga picha wangu ameruka. Naipima tena honi ikilia, safari hii kwenye tamino zake: volti 11.8, pamoja na kwamba mzigo umekuwa mkubwa kuliko wa honi ya kwanza. Nageuza usukani pande zote mbili nikiwa nabonyeza, na sauti haikatiki popote.

Tumia mlio mfupi. Betri ndogo haikuumbiwa kubonyezwa dakika nzima, na sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili, maana yake anayeumia zaidi ni abiria wako na wewe, si dereva aliye mbali. Ving'ora vinavyopanda na kushuka sivifungi wala siviuzi, kwani hivyo ni vya polisi, zimamoto na ambulensi, na askari akikusimamisha usinitaje.

Ukimaliza kufunga ukabonyeza na kusikia rilei ikilia tik bila honi kutoa sauti, koili iko salama; kagua fyuzi, kisha waya wa 87, kisha ethi, kwa mpangilio huo. Usiposikia hata tik, anza kutafuta tatizo kwenye waya mbili za plagi ya asili. Honi moja ikilia na nyingine ikanyamaza, badilishana tamino zake ili ujue kama tatizo ni honi au ni waya. Baada ya wiki moja ya kazi kaza nati za mabati tena, kwa sababu mtikisiko wa siku za kwanza huzilegeza, na ukiwa umeinama hapo geuza usukani pande zote mbili uzitazame waya za shingoni.