Dizeli Inakwenda Wapi?

Mhadhara kwa wenye malori, madereva na mafundi, Malindi

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote, wazee wangu, vijana, na kina mama wenye malori yenu.

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, sote hukaa na simu mkononi tukisubiri tangazo la EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta ya Kenya, tujue dizeli imepanda au imeshuka. Bei hiyo hatuna la kuifanya. Mimi nimekuja kuzungumzia dizeli uliyokwisha kuilipia, imo ndani ya tangi lako, halafu haikufikishi.

Naanza na kisa changu. Nilikuwa na lori la ekseli sita, kichwa na trela, likichukua chumvi Gongoni kupeleka Mombasa. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 290. Kwenda limebeba, kurudi tupu, lilikuwa likinipa kilomita 2.4 kwa lita, yaani lita 120 na kitu kwa safari. Mara likaanza kula lita 160. Ziada ni lita 40, na lita 40 mnazijua: ni mitungi miwili ya lita 20, ile ya manjano. Hesabu ilinikaa sawasawa kichwani. Nikamwita dereva wangu, nikamwambia ananyonya mafuta. Akaapa. Sikumsikiliza, nikamtoa kazini. Nikaajiri mwingine: lita 160. Nikamweka shemeji yangu, mtu ninayemwachia nyumba yangu: lita 160. Hapo ndipo nilipojua nimemdhulumu mwana wa watu. Nilimfuata kwao Marafa kumtaka radhi, na mkewe ndiye aliyenifungulia mlango. Sitausahau uso ule.

Mafuta yalikuwa yakiibwa kweli. Mwizi alikuwa lori lenyewe, tena wezi walikuwa wawili. Nitawaonyesha wote.

Lakini kabla ya kumkamata mwizi, hakikisha kweli umeibiwa. Geji ya dashibodi si kipimo. Jaza tangi mpaka shingoni, lori likiwa mahali tambarare, ngoja povu litulie, ongeza tena mpaka mstari uleule. Andika kilomita. Nenda safari yako, rudi kwenye pampu ileile, jaza mpaka pale pale. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo safari tatu, si moja, kwa maana safari moja ina foleni yake na mzigo wake.

Hata kilomita zenyewe zichunguze. Lori lililopimiwa tairi za 315/80 ukilivika 295/80, tairi ni dogo kwa asilimia 3 hivi. Litazunguka mara nyingi zaidi, na saa ya kilomita itakuhesabia njia ambayo hukuipita. Ukifanya kinyume chake, lori litaonekana linakula zaidi na ilhali halijabadilika hata kidogo. Nimeona tajiri na dereva wakigombana kwa sababu ya tairi tu.

Ukishapata tarakimu, jiulize: ulaji umepanda ghafla au polepole? Ukipanda ghafla, kuna kitu kimevunjika, kimefunguka au kimebadilishwa. Ukipanda polepole, kuna kilichochakaa au kinachoziba. Kisha uliza: lori liliingia gereji lini mara ya mwisho, na lilifanywa nini? Mimi swali hilo sikuliuliza, na jibu lilikuwa ndani yake.

Tazama moshi lori likipanda mlima na mzigo. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni dizeli isiyowaka, au maji yanaingia ndani. Ukiwa mweusi, anza na filta ya hewa, halafu mipira ya kutoka kwenye tabo, ile inayosukuma hewa injini, mpaka intakula inayoipoza hewa hiyo, halafu intakula yenyewe. Sisi watu wa pwani, hasa mnaoingia mashamba ya chumvi, hewa yetu inatafuna aluminiamu. Intakula huoza pembeni, kwenye viungio, mahali macho hayafiki. Itie upepo, ipake povu la sabuni ya kufulia, utaona inapochemka. Hewa ile ikivuja, tabo inafanya kazi bure, dereva anakanyaga zaidi kutafuta nguvu, na wewe unalipa.

Nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, na pampu yake, naziweka mwisho, najua mafundi wengine hamtapenda. Ni kweli nozeli mbovu inakula. Ila ni ghali, na hupimwa kwenye mashine yake, si kwa kusikiliza kwa sikio. Nimeona watu wakibadilisha nozeli sita na lori likabaki vilevile. Na unaponunua dizeli ya bei ya ajabu kando ya njia, kumbuka huenda imechanganywa na mafuta ya taa, nayo hayana ulaini wa kulainisha pampu. Serikali iliyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kwa sababu ya uchanganyaji huo huo.

Sasa mwizi wa kwanza. Hili jiko na sufuria si la chai. Nina thamosteti mbili hapa. Kijana mwenye fulana nyekundu, njoo unisomee kilichoandikwa mgongoni. Naam, 82. Hizo ni digrii. Nazitumbukiza zote mbili, na wewe shika kipimajoto. Soma kwa sauti. 60. Tazameni: hii ya kulia imefumba, ya kushoto iko wazi tangu nilipoitia, imekwama. 75. Bado. 83. Mnaona mdomo unavyoanza kuachama? Polepole, kama chaza. Ikifika 95 itakuwa imeachama yote. Kazi yake ni hiyo tu: kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta, pale yanapopozwa, mpaka injini ipate joto lake.

Wengi wetu tumeambiwa, "Malindi kuna joto, itoe hiyo, injini ipoe." Lori langu lilikuwa likichemka, likapelekwa gereji moja, wakaitoa thamosteti na hawakuniambia. Lilipoacha kuchemka nikashukuru. Kumbe sasa linatembea na joto la 60 badala ya 85. Joto la nje, hata likiwa 33, injini hailihesabu. Yenyewe inataka 80 na zaidi kwenye maji yanayozunguka silinda. Ikiwa baridi, dizeli haiwaki yote, nyingine inateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye oili. Injini ya kompyuta ni mbaya zaidi: senso inasema "bado ni baridi", na kompyuta inaendelea kulisha kama alfajiri. Na zipo injini ambazo ukiitoa thamosteti, maji yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, ikachemka kuliko mwanzo.

Kwa nini lilikuwa likichemka? Maji ya kisima. Maji yetu yana chumvi, nanyi mnaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Ndio huo huo uliokuwa umeziba rejeta. Tia kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji safi, rejeta isafishwe, thamosteti irudi mahali pake.

Mwizi wa pili alikuwa ekseli ya mwisho ya trela, kushoto. Ajasta ya breki, ile inayorekebisha nafasi ya breki, ilikwama, na breki ikawa haiachii sawasawa. Haikubana kiasi cha dereva kuisikia. Kichwa chenye nguvu za farasi 400 kinaivuta tu bila kulalamika. Tulienda Mombasa na kurudi huku tumeshika breki. Ukitaka kuijua, kilomita tano za mwisho mwachie dereva aendeshe bila kukanyaga breki kwa nguvu, lori lisimame lenyewe. Pita gurudumu kwa gurudumu, sogeza mgongo wa mkono karibu na habu, katikati ya gurudumu, usiguse kwa kiganja. Nyunyizia tone la maji. Habu inayolia chwaa na mwenzake wa upande wa pili hailii, hiyo ndiyo. Inua kwa jeki, zungusha kwa mkono uhakikishe.

Yaliyobaki nayapitia upesi. Upepo wa tairi pima asubuhi, likiwa baridi, na usiliruke tairi la ndani kwenye pacha kwa sababu valvu yake ni ngumu kufikika. Foleni ya kupakia chumvi, zima injini: lori kubwa likinguruma limesimama linakunywa karibu lita 3 kwa saa. Saa nne ni lita 12, dizeli ya kukutoa hapa mpaka Gongoni.

Na kasi. Wazee wetu wa majahazi walijua kusi ukivuma huendi Mombasa kwa ubishi. Lori lenye turubali lililolegea ni tanga, na kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa unaenda nalo kusini, unaukabili upepo. Kutoka kilomita 80 kwa saa mpaka 100, nguvu ya upepo inayokuzuia inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Sheria yenyewe inasema 80. Funga turubali likaze, na ulinganishe safari za msimu mmoja. Usimhukumu dereva wa Julai kwa hesabu ya Januari.

Nafasi ya maswali ninayo, lakini tutaulizana huko nje. Nasikia lori la mzee wetu hapa limeingia sasa hivi kutoka Mombasa. Kijana, beba ile chupa ya maji. Twendeni kabla habu hazijapoa.