Mtoto Asiyefika Kliniki: Kutoka Rufiji Hadi Mbagala

Marahaba, wanangu. Kaeni. Walio nyuma sogeeni mbele, sauti yangu si ile ya zamani.

Nimeombwa nizungumzie kinga ya watoto vijijini na mijini. Naanza na kichupa. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu, kichupa kimoja dozi 10. Ukishauchanganya na maji yake una saa 6 tu. Zikipita, kilichobaki kinamwagwa. Ya kifua kikuu ni hivyo hivyo, na kichupa chake kina dozi 20. Mjini hilo halisumbui, kwa sababu kabla ya saa nne asubuhi watoto 10 wa miezi tisa, umri wa dozi ya kwanza ya surua, wameshapita mikononi mwako. Kijijini wanaweza kuja wawili kutwa nzima.

Sasa muuguzi wa zahanati afanyeje? Nitawaambia nilichofanya mimi. Nilikuwa kijana, nimepangiwa kazi bonde la Rufiji. Akaja mama na mtoto wa miezi tisa, kavuka mto kwa mtumbwi, katokea shambani walikokuwa wakikaa kwenye dungu kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Nikahesabu watoto waliofika: watatu. Nikamwambia, "Mama, rudi wiki ijayo, watoto hawajatosha." Akajibu, "Haya, mwanangu," akafunga mbeleko akaondoka.

Wiki ile mto ulijaa. Mtoto nilimwona tena baada ya miezi miwili, ana surua, macho mekundu, anapumua kwa shida. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini ripoti yangu ya mwezi ule ilionyesha dozi chache zilizomwagika, na nilipongezwa kwa hilo. Pongezi zile zinaniuma hadi leo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Fungueni. Dozi tisa zikimwagwa, andikeni zimemwagwa, na msione haya.

Kwa hiyo mtu akiniambia mama wa kijijini hathamini chanjo, namkatalia. Yule alivuka mto. Chanjo ni bure, ila nauli ya bodaboda si bure, na siku ya palizi iliyopotea hairudi. Anafika, anakuta gesi ya jokofu imekwisha na chanjo zimepelekwa kituo kingine, maana zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mpango wa afya ya msingi ulioanza 2007 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati, na majengo mengi yamesimama. Ila mkulima wa bondeni hakai kijijini msimu wote. Ndiyo maana huduma ya mkoba ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani: muuguzi, kisanduku cha baridi, mizani inaning'inizwa kwenye mwembe, na matone ya vitamini A yanatolewa hapo hapo. Mafuta ya pikipiki yakikosekana, mwezi huo watoto wa ng'ambo hawana kliniki.

Sasa twende mjini, maana wengi wenu mtapangiwa huko na mtadhani mmepumzika.

Watu wengi wa Rufiji wana ndugu Mbagala, Dar es Salaam. Binti anahamia na mtoto wa miezi minne, kadi imebaki kwa bibi. Anapanga chumba, kodi ikimshinda anahamia mtaa mwingine. Alfajiri yuko soko la samaki la Feri kununua samaki wa kukaanga, na anaporudi foleni ya kliniki imeshafungwa. Zahanati anaiona kwa macho, pengine dakika kumi kwa miguu, lakini mtoto wake hajachanjwa. Kule kijijini mwenyekiti wa kitongoji angejua nani amejifungua, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii angepiga hodi. Huku hata jirani wa ukuta kwa ukuta hamjui jina. Kisha takwimu zinakuja zimeandikwa "mjini", Masaki ya matajiri na Tandale ya wasio nacho ndani ya wastani mmoja, na mtoto huyu anapotea ndani ya namba nzuri. Mimi nasema huyu yuko hatarini kuliko wa Rufiji, kwa sababu amebanana na wengine na surua inaenea kwa hewa. Kuizuia kunataka watoto 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa.

Kuna dozi moja inayopotea pande zote mbili: surua ya pili, ya miezi 18. Mama ameshaambiwa miezi tisa, akaamini amemaliza, na tangu hapo hakuna kinachomleta kliniki mtoto akiwa anatembea na kula vizuri. Mwambieni siku ile ile ya miezi tisa, na mwandikieni tarehe kwenye kadi kwa herufi kubwa. Asiye na kadi msimfukuze. Mwandikieni mpya, mmuulize bibi yuko wapi, mpigieni simu hapo hapo.

Rejista nilizowagawia ni za mazoezi, majina si ya watu halisi. Fungueni ukurasa wa kwanza. Tafuteni kila mtoto aliyepata dozi ya kwanza ya Penta, ile chanjo ya kukinga magonjwa matano, akakosa ya tatu, mwandike pembeni anaishi wapi na nani wa kumwendea. Chukueni kalamu, tuanze.