SNCC: Vijana wa Dola Kumi kwa Wiki

Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojazana huko nyuma, nawasalimu.

Ukimtajia mtu wa hapa kwetu harakati za haki za Wamarekani weusi, jina la kwanza kumtoka mdomoni ni Martin Luther King. Simlaumu. Ila leo sikuja kumzungumzia King. Nimekuja kuwazungumzia vijana waliomheshimu na papo hapo wakimtania, hata wakampachika jina la "Bwana", yaani Bwana yule wa mbinguni. Chama chao kiliitwa Kamati ya Wanafunzi ya Kuratibu Harakati Zisizo za Mabavu. Jina refu, kwa hiyo kila mtu alikiita kwa herufi zake za Kiingereza, SNCC, wakitamka "Snik".

Chanzo mnakijua. Tarehe 1 Februari 1960, mjini Greensboro, North Carolina, wanafunzi wanne weusi waliingia duka la Woolworth, wakakaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu, wakaagiza kahawa. Wakanyimwa. Hawakubanduka. Duka hilohilo lilikuwa limewauzia dawa ya meno muda mfupi tu kabla, na fedha zao hazikuonekana kuwa na rangi. Kufika Aprili migomo ya namna hiyo ilikuwa imeenea Kusini kote mwa Marekani. Ndipo mama mmoja wa miaka 56, Ella Baker, akawaita vijana hao kwenye Chuo Kikuu cha Shaw, mjini Raleigh. Gharama alizipata kwa shirika la King alikokuwa akifanya kazi: dola 800.

Wakubwa walitaka vijana wawe tawi lao. Baker akawaambia wasikubali, waunde chao. Huyu mama alikuwa amezunguka Kusini miaka mingi akijenga matawi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, na alikuwa amechoshwa na wachungaji wanaohutubia jioni na kupanda ndege asubuhi. Kauli yake inajulikana: watu wenye nguvu hawahitaji kiongozi mwenye nguvu. Kwangu mimi, SNCC yote imo ndani ya kauli hiyo, uzuri wake na udhaifu wake.

Sasa twende Mississippi, maana huko ndiko kazi ilikokuwa. Mwaka 1961 mwalimu wa hisabati kutoka New York, Bob Moses, alifika mji wa McComb kuwasaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. Sheria ilikuwa hivi: unakwenda mahakamani wilayani, karani mzungu anakupa kifungu cha katiba ya jimbo, na katiba yenyewe ina vifungu 285. Unakinakili, kisha unaeleza maana yake. Nani anasahihisha? Karani huyohuyo, na hana wa kumuuliza. Mwezi Septemba mkulima mweusi aliyekuwa akimsaidia Moses, Herbert Lee, alipigwa risasi mchana kweupe na mbunge wa jimbo. Mbunge hakushtakiwa. Shahidi aliyetaka kusema kweli, Louis Allen, naye aliuawa Januari 1964.

Katika hali hiyo vijana walifanya nini? Walikaa vibarazani. Walichuma pamba na wenyeji, wakalala kwenye nyumba zao, wakala walichokula wao. Posho yao ilikuwa dola 10 kwa wiki, tena kabla ya kodi, na mara nyingine haikufika. Mzee akikataa leo, unarudi kesho kumwamkia. Kazi hii haina picha ya kuweka gazetini, na nadhani ndiyo sababu tunaikumbuka kidogo.

Matunda yake nitawaonyesha kwa mtu mmoja. Fannie Lou Hamer alikuwa kitinda mimba wa watoto 20, mchuma pamba na mtunza hesabu za shamba huko Ruleville. Agosti 1962, akiwa na miaka 44, alisikia kanisani kutoka kwa vijana hawa kwamba mtu mweusi ana haki ya kupiga kura. Alikuwa hajawahi kuambiwa. Tarehe 31 alipanda basi na wenzake 17 hadi Indianola. Karani akampa kifungu cha 16 akieleze. Hamer alisema baadaye kwamba alikijua kama farasi anavyoijua Krismasi. Wakati wa kurudi polisi wakalisimamisha basi. Kosa? Basi lina rangi ya njano kupita kiasi, linafanana na la shule. Faini dola 100, ikashuka hadi 30, abiria wakachangishana. Angalieni hapo: dereva alikuwa akilitumia basi hilohilo kupeleka vibarua mashambani, na rangi yake haikuwa imemkera mtu.

Jioni hiyo mwenye shamba akamtaka afute jina lake au ahame. Akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Akaondoka usiku uleule, baada ya miaka 18 ya kazi. Juni 1963 alipigwa vibaya katika mahabusu ya Winona. Agosti 1964 alisimama Atlantic City, mbele ya kamati ya chama cha Democratic, akayaeleza yote huku televisheni zikirusha. Rais Johnson aliitisha haraka mkutano na waandishi wa habari ili kamera zimwondokee mama huyu. Hamer na wajumbe wenzake kutoka Mississippi walipopewa viti viwili mkutanoni vya kuwanyamazisha, walivikataa.

Juni ya mwaka huohuo wa 1964, wanaharakati watatu, Chaney, Goodman na Schwerner, walikuwa wameuawa Neshoba, hukohuko Mississippi. Miili ilipatikana Agosti, imefukiwa kwenye tuta la bwawa. Baada ya Neshoba na Atlantic City vijana wengi waliacha kuamini kwamba serikali ya Washington ina aibu. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikaja Agosti 1965, na Mississippi watu weusi waliojiandikisha wakapanda kutoka chini ya asilimia 7 hadi karibu 60 kwa miaka michache. Lakini chama chenyewe kilikuwa kinachanika. Mwaka 1966 Stokely Carmichael akachukua uenyekiti, mwito ukawa Nguvu ya Weusi, wazungu wakatolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakikuwepo tena. Wapo wanaomtupia Carmichael lawama zote. Mimi naona chama kisichotaka viongozi wakubwa kilikosa pia mtu wa kuamua ugomvi.

Na sisi tunaingia wapi? Desemba 1963, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, Oginga Odinga alifika Atlanta. Vijana wa SNCC walikwenda kumsalimu hotelini, wakamwimbia, wakatoka wakaingia mgahawa wa jirani kutafuta kahawa. Wakanyimwa, wakakaa chini, wakakamatwa. Mwaka uliofuata John Lewis, mwenyekiti wa SNCC wakati huo, na mwenzake walikutana na Malcolm X jijini Nairobi.

Bob Moses yeye alikuja akakaa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi 1976 alikuwa mwalimu wa hisabati Same, hapo chini ya milima ya Upare. Aliporudi Marekani alikuta shule ya binti yake haifundishi aljebra darasa lake, akaanza kumfundisha mwenyewe pamoja na wenzake watatu. Hapo ukazaliwa Mradi wa Aljebra, na hoja yake ilikuwa kwamba mtoto asiyeijua aljebra leo amefungiwa mlango uleule waliofungiwa wazazi wake kwa karani. Akarudi tena Mississippi, akashika chaki kwenye shule ya sekondari mjini Jackson.

Muda umekwisha, naona mwenyekiti anatazama saa. Kama humu kuna mtu ambaye mzazi wake alisoma Same miaka ile, naomba kwenye maswali aanze yeye.