Begi Halijahiji

ZUHURA: Inarekodi? Haya. Kabla ya salamu, wasikilizaji, mpate picha. Masanja kavua kiatu kimoja, mguu kauweka juu ya kreti la soda, na hapa mezani mbele yangu pana pasi. Pasi ya kunyooshea nguo.

MASANJA: Mwangaluka wote. Dada Zuhura, tulikubaliana tunaanza na ratiba. Nimeandika mambo saba ya maandalizi, haya hapa.

ZUHURA: Yatasubiri. Jumamosi ulifanya nini?

MASANJA: Nilifanya mazoezi. Wanaotufuatilia wanajua nimeweka nadhiri: tarehe 3 Juni niwe Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa sababu ya imani, na nifike kwa miguu. Kutoka hapa Mwanza ni Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba, unavuka mpaka Mutukula, unashika Masaka, Kampala, Namugongo. Kilomita 700 na ushee. Ukitembea 25 kwa siku ni mwezi mzima njiani, na siku za kupumzika hujaweka. Sasa mtu mwenye kitambi kama hiki hawezi kuamka tu akaondoka.

ZUHURA: Mimi nilikwambia upite Sirari. Tarime, Kisii, Kisumu, Busia, Jinja. Unapata nchi tatu.

MASANJA: Sikusanyi nchi, nahiji. Halafu kule kati ya Lamadi na Bunda Serengeti iko kando ya barabara kabisa. Nitembee alfajiri peke yangu na rozari, fisi ananiangalia?

ZUHURA: Mwache fisi. Jumamosi.

MASANJA: Saa kumi na mbili asubuhi nimetoka Buhongwa. Begi mgongoni, buti nilizonunua soko la Mlango Mmoja, mtumba lakini ngozi ile ngozi. Nia ni kufika Kigongo, nivuke daraja, niguse Busisi, nirudi na hiace. Kabla ya Usagara kisigino kimeshaanza kuwaka moto. Nikakaa chini ya mwembe, nikavua soksi. Lengelenge, dada. Kama njugu mawe, linang'aa, maji yanacheza ndani.

ZUHURA: Kuna watu wanakula saa hizi.

MASANJA: Hapo ndipo akaja kijana wa bodaboda. "Mzee, Kigongo elfu tano." Nikamwambia natembea. "Elfu nne." Nikamwambia kijana, nahiji. Akanyamaza kidogo, akafikiri, akasema, "Basi elfu tatu, kwa sababu ya dini."

ZUHURA: (anacheka) Punguzo la kiroho!

MASANJA: Nikaondoka. Akanifuata. Anaiendesha ile pikipiki taratibu, sambamba na mimi, mguu mmoja anauburuza chini. Ananiuliza habari za watoto. Elfu mbili na mia tano. Ananiuliza Simba watafanya nini. Elfu mbili. Mwisho kanikata maneno, akaniambia, "Mzee, kama wewe hupandi, basi hata begi lipande."

ZUHURA: Na begi likapanda.

MASANJA: Begi likapanda.

ZUHURA: Kwa shilingi ngapi?

MASANJA: Elfu mbili. Alipolinyanyua akaguna, akaniuliza kama nimebeba nanga.

ZUHURA: Sema kulikuwa na nini.

MASANJA: Blanketi. Sufuria. Unga kilo mbili. Tochi, Biblia, ndala...

ZUHURA: Na?

MASANJA: Dada, siku ile ya 3 Juni wanakuja watu kutoka Kongo, Rwanda, Kenya, maaskofu, viongozi wa nchi. Nitasimamaje pale shati limekunjamana?

ZUHURA: Mwezi mzima njiani na pasi ya umeme. Biharamulo msituni utaichomeka kwenye mti gani?

MASANJA: Turudi kwenye mambo saba.

ZUHURA: Aka. Mimi nina swali. Kwa hesabu zako, begi limehiji au halijahiji?

MASANJA: Begi ni mzigo. Vikundi vingi vya mahujaji vina gari la kubeba mizigo, maji na wagonjwa. Anayehiji ni mtu. Na daraja nimelivuka kwa miguu yangu, kilomita tatu, upepo wa ziwa unakupiga ubavuni, chini kule mitumbwi kama maganda ya karanga. Unakumbuka Kigongo ya kivuko? Foleni ya malori, mihogo ya kukaanga, mtu anakuuzia yai hadi dirishani. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, unapita tu. Zamani nadhiri yangu ingekatikia hapo, kwa sababu ungelazimika kupanda pantoni.

ZUHURA: Hapo sasa ndipo sikuelewi. Ungepanda pantoni, nadhiri ingekatikaje?

MASANJA: Si ningekuwa nimebebwa?

ZUHURA: Masanja, sisi hija ni nguzo ya dini, na Mungu mwenyewe kasema ni kwa mwenye uwezo wa kuiendea. Hakusema kwa miguu. Marehemu babu alikwenda Makka kwa meli, baba yangu kaenda kwa ndege. Na huko Makka kuna kutembea kwake, kuzunguka Al-Kaaba, kusai, yaani kwenda na kurudi baina ya vilima vya Safa na Marwa. Na hata hapo mgonjwa anasukumwa kwenye kiti, na hija yake ni hija. Kwa hiyo mwenye miguu mibovu kwenu hana Namugongo?

MASANJA: Anayo, apande basi, sijamzuia. Nasema nadhiri yangu mimi ni miguu. Na ina sababu. Karoli Lwanga na mashahidi wenzake walitolewa Munyonyo, Mei 1886, wakaswagwa hadi Namugongo wamefungwa. Gonzaga Gonza pingu zilimla miguu akashindwa kwenda, wakamchoma mkuki njiani. Kizito alikuwa mtoto wa miaka 14 hivi. Hawakubebwa. Ndiyo maana nataka nianzie pale Bukumbi, palipo na misheni ya zamani, halafu...

ZUHURA: Asante kwa kuitaja Bukumbi. Mapadre wa Bukumbi walifikaje pale?

MASANJA: Walitoka Buganda, mwaka 1882, mambo yalipokuwa mabaya kwa mfalme wa kule, Kabaka Mutesa.

ZUHURA: Kwa miguu?

MASANJA: (kimya)

ZUHURA: Wasikilizaji, ananyamaza.

MASANJA: Kwa mitumbwi.

ZUHURA: Na yule padre wa kwanza, Lourdel, mwaka 1879 kutoka Kageye huku kwetu hadi Buganda?

MASANJA: Mtumbwi.

ZUHURA: Imani yenyewe ilipanda chombo! Hapa ziwani njia ni maji. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, nawaona wa Ukerewe, wa Ukara, harusi wanakwenda kwa mtumbwi, msiba kwa mtumbwi. Panda meli hapo bandarini jioni, asubuhi uko Bukoba, umehifadhi miguu kwa ajili ya Uganda.

MASANJA: Wale walikuwa wamisionari wanakwenda kazini. Mimi nakwenda kuomba. Miguu ndiyo sala yenyewe, dada. Ukiikata njia umeikata sala katikati.

ZUHURA: Na begi?

MASANJA: Begi halisali!

ZUHURA: Lina Biblia ndani.

MASANJA: (anacheka) Umeanza.

ZUHURA: Nakwambia jingine, hili si utani. Pale Namugongo si mahali penu peke yenu. Waanglikana wana mashahidi wao. Na kabla ya wote hao, miaka ya 1870, Mutesa aliwachoma Waislamu palepale, vijana waliokataa kula nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu. Kwa hiyo mimi pia nina watu wangu pale. Siku nikienda kuwaombea dua nitapanda basi la usiku, na sitakubali mtu mwenye malengelenge aniambie nimefika nusu.

MASANJA: Sijasema nusu.

ZUHURA: Umesema kubebwa kunakata nadhiri.

MASANJA: Nadhiri yangu.

ZUHURA: Kwa nini neno lako linakuwa zito kuliko mguu wa mtu?

MASANJA: Kwa sababu nilimwahidi mama yangu akiwa kitandani. Hakusema panda meli. Alisema, "Tembea, mwanangu, kwa niaba yangu."

ZUHURA: ...Hilo hukuwahi kuniambia.

MASANJA: Sasa nimekwambia.

ZUHURA: Mungu amrehemu. Lakini bado sikubali.

MASANJA: Najua. Na mimi pia.

ZUHURA: Hata mama asingekubali ubebe pasi.

MASANJA: Mama ndiye angeipakia! Humjui mama. Humwoni kanisani na kitenge chenye mkunjo.

ZUHURA: Ukipita Muleba utalala kwa shangazi yangu, ana umeme, utapiga pasi huko. Senene usitegemee, msimu wenyewe Novemba. Utapewa matoke na kahawa ya kutafuna, na utanyeshewa, maana Mei kule mvua haina adabu. Halafu yule kijana wa boda alilifikisha begi?

MASANJA: Nimelikuta Kigongo kwa mama wa sato, kalitandikia gazeti. Na jana kanipigia. Anauliza mpaka Uganda kwa mwezi mzima tutafanya kiasi gani, begi tu.

ZUHURA: (anacheka sana) Pasipoti anayo?

MASANJA: Nimemwambia atafute hati ya dharura Uhamiaji. Hii ilikuwa namba moja kwenye orodha yangu! Jambo la kwanza, hati ya kusafiria. Jambo la pili, kadi ya homa ya manjano, chanjo uchome angalau siku kumi kabla, usisubiri mpakani. Jambo la tatu, viatu...

ZUHURA: Adhana hiyo, Masanja. Nimekwisha.

MASANJA: Bado matano!

ZUHURA: Wiki ijayo. Nipe mkoba wangu hapo nyuma yako. Polepole, mguu wako.

MASANJA: Wapendwa, viatu msinunue vipya wiki ya safari, na wala msinunue vya mtumba kama... Dada, pasi yangu umeipeleka wapi?

ZUHURA: Nimeiweka kwenye mkoba. Nitaipeleka Muleba kwa basi.